Liska, Mwambie Mama

Ana masikio mawili makubwa na hajawahi kutoa siri ya mtu. Ana ulimi mrefu kuliko wa mbea yeyote na hajawahi kujibu neno. Asipokuwepo, mama na mwanawe hawaongei. Ni nani huyo?

Mgeni angetoa mji, akatoa na wa pili, na bado asingepata. Lakini katika kijiji cha Verbivka, huko Ukraine, hata mtoto wa chekechea angekujibu kabla hujamaliza kutega: ni Liska, ng'ombe wa Mama Motria, yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni.

Mambo yalianza hivi. Motria alikuwa na mtoto mmoja tu, Levko, dereva wa trekta, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mpole mpaka watu wakamwonea. Vita vilipozidi, Levko akaenda mjini akajiandikisha jeshini bila kumwambia mama yake. Motria alizipata habari dukani, tena kutoka kwa jirani yake Horpina, tena mbele ya foleni nzima ya mkate. Alirudi nyumbani bila mkate. Akamkuta Levko anafunga begi.

"Nenda," akamwambia. Alikuwa amesimama uani, ndoo mkononi, sauti inatetemeka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. "Umeshakata shauri bila mimi, nenda. Ila sikia vizuri. Sitakutamkia neno, hata nusu ya neno, mpaka upite kwenye geti hili mwenyewe, kwa miguu yako miwili."

Mtaa mzima ulisikia. Horpina alisikia kuliko wote, maana alikuwa amesogea mpaka kwenye uzio ili asipitwe na kitu.

Levko alicheka kidogo, akambusu mama yake kwenye kitambaa cha kichwa, akaondoka. Alidhani ni maneno ya hasira tu. Angemuuliza baba yake, marehemu Hnat, angeambiwa. Hnat aliwahi kubomoa jiko la zamani bila kuomba ruhusa, na Motria akakaa majira yote ya baridi haongei naye. Kila kitu kilipitia kwa paka. "Paka, mwambie baba chakula kiko mezani." "Paka, mwambie mama chumvi imezidi." Na kwa kuwa kila ujumbe ulimpatia paka kipande cha mafuta ya nguruwe, majira ya kuchipua yalipofika paka hakuweza tena kupita chini ya mlango.

Basi Levko akafika mstari wa mbele. Siku ya tatu akapiga simu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Motria akiwa zizini anakamua. Akapokea, maana kutopokea hakuapa. Akaiweka simu sikioni, kimya.

"Mama?"

Kimya.

"Mama, nakusikia unapumua."

Motria akaacha kupumua.

"Mama, jamani. Nakwambia niko mzima, nimefika salama, tumepata mahali pazuri pa kulala, hatunyeshewi..."

Hapo Liska, aliyekuwa amesimama na kiwele kilichokamuliwa nusu, akachoka kungoja. Akatoa mlio mrefu, wa kulalamika, moja kwa moja kwenye simu.

Upande wa pili Levko akakaza sikio. Alikuwa mtoto wa Hnat, na akili ile ya paka haikumpotea.

"Liska!" akasema. "Ni wewe? U hali gani, binti yangu? Hebu mwambie mama kwamba niko mzima."

Motria akaitazama simu. Akamtazama ng'ombe. Akaisogeza simu kwenye sikio lile kubwa lenye manyoya, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Liska, mwambie huyo asiye na adabu kwamba usiku kuna baridi, na soksi za sufu kaziacha juu ya jiko!"

Tangu siku hiyo mambo yakawa mepesi. Kila alfajiri ambayo handaki lao lilikuwa na intaneti ya kile kisahani cha setilaiti, Levko alimpigia ng'ombe. Kupitia kwa Liska soksi zilikwenda, matango ya chumvi yalikwenda, na habari zote za Verbivka zilikwenda: nani kafunga ndoa, nani kavunjika mguu, na nani, tukimtaja Horpina, kapanda vitunguu mpaka ndani ya mpaka wa jirani. Na kupitia kwa Liska habari zilirudi: soksi zimefika, matango yameliwa na kikosi kizima kwa dakika sita, na Levko amepewa jina la vitani kama desturi yao. Wenzake waliitwa Radi, Mwewe na Profesa. Yeye alipewa Mkamuzi.

Hata mkuu wao, aliyeitwa Nyuki, siku moja aliiomba simu.

"Bi Liska, habari za asubuhi," akasema kwa sauti nzito ya kijeshi. "Napenda kukujulisha kwamba kijana wako ni askari mzuri, ila anaimba akiwa zamu."

Motria alikiweka sawa kitambaa cha kichwa kana kwamba anaonekana. "Liska, mwambie mkuu aliimba hivyo hivyo hata kwenye trekta, na mimi nilishindwa. Amzibe mdomo kwa mkate. Na mwambie mkuu mwenyewe anakohoa, ajifunike kifua!"

Levko hakuacha kujaribu kumtoa neno. Alijua udhaifu wa mama yake: hakuna kitendawili kilichowahi kupita mbele ya Motria kikaachwa bila jibu. Alipokuwa mdogo walitegeana mchana kutwa, yeye amekaa juu ya lile jiko kubwa la matofali wanalolalia kwa joto, mama anakanda unga.

"Liska, kitendawili," alisema asubuhi moja.

Vidole vya Motria vikasimama kwenye chuchu za Liska.

"Nalala ardhini, sijafa. Nala kwenye bati, si mbwa. Nikisikia nzi anavuma, nakimbia kuliko farasi. Mimi nani?"

Jibu lilimjia Motria kabla ya pumzi. Lilimfika mpaka kwenye meno: askari wa handakini. Nzi wa kitendawili si nzi wa zizini. Ni zile droni zinazonguruma juu ya mahandaki. Akayauma meno. Akakamua mara nne, tano, chwa, chwa, chwa.

"Liska," akasema mwishoni, "mwambie ni kiazi."

"Kiazi hakikimbii, Liska!"

"Mwambie vya kwetu vinakimbia. Na kitendawili chake ni kibaya, atege kingine."

Basi wakaendelea hivyo, majira ya baridi yakapita, na theluji ikayeyuka, na Horpina akamuuliza kila Jumapili, "Shoga, bado?" naye akajibu kila Jumapili, "Bado. Nilisema geti."

Sasa ikaja Alhamisi moja ya mwezi wa sita. Verbivka haina mchungaji wa kuajiriwa. Kila nyumba ina zamu yake ya kuchunga ng'ombe wa wote, na Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya mzee Sidir. Saa mbili asubuhi aliwapitisha ng'ombe mtaani, Liska akiwa mbele kwa maringo yake, akawapeleka malishoni, mwendo wa kilomita mbili. Motria akaingia shambani kuokota mende wa viazi, wale wenye mistari, mmoja mmoja ndani ya kopo.

Saa tano mchana simu ikaita.

Haikuwa saa yake. Akapokea kwa mkono wenye mende.

"Liska," Levko akasema. Alikuwa anaongea haraka, na nyuma yake watu wanaburuta vitu vizito. "Liska, samahani najua si saa ya kukamua. Tunahamia mahali pengine, mbele kidogo. Siku kumi na nne, labda zaidi. Simu tunaziacha hapa, ni amri. Nina dakika ishirini gari lije. Upo, Liska?"

Motria alifungua mdomo. Akaufunga. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Viazi vitupu mpaka kwenye uzio. Ng'ombe hayupo.

"Liska?"

Siku kumi na nne. Mbele kidogo. Motria alijua "mbele kidogo" ni wapi; kila mama wa Verbivka alikuwa anajua.

Akakimbilia uani. Kuku walikuwa pale wanachakura. Akainama, akawasogezea simu. "Kuku, mwambieni..." Lakini kuku wakiona mkono wa Motria unawasogelea kwa kasi huwa wanajua ni Jumapili ya kuchinjwa; walitawanyika, mmoja akaruka mpaka juu ya paa la choo. Akamwendea mbwa. Mbwa aliposikia sauti ya Levko inatoka mkononi mwa Motria, alishikwa na wazimu wa furaha, akabweka, akalia, akazunguka mpaka mnyororo ukamfunga miguu, na hakuna mtu wala mnyama aliyeweza kusikia kitu.

"Liska, huyo si ni Burko? Mbona yuko zizini?" Levko akauliza.

Motria akatoka getini mbio. Alikuwa na miaka sitini na tisa na magoti mawili yaliyokuwa hayaelewani. Simu mkono wa kulia, kopo la mende mkono wa kushoto.

Horpina alikuwa getini kwake, ameshika baiskeli, anatoka dukani.

"We Motria! Kuna moto?"

"Levko kwenye simu! Anahamishwa! Ng'ombe yuko malishoni!"

Kwingine maneno hayo yangehitaji maelezo. Horpina aliutupa mkate ndani ya uzio, akapanda baiskeli. "Panda nyuma!"

Wakaondoka. Wanawake wawili wazima, baiskeli moja, barabara ya mavumbi. Horpina alikanyaga pedali kama mtu anayekanda udongo wa kujengea. Motria alikaa nyuma upande, miguu hewani, simu ameiinua juu kama mshumaa wa kanisani, kopo amelikumbatia kifuani.

"Niambie mimi nimwambie!" Horpina akapiga kelele mbele. "Leo mimi ndiye ng'ombe!"

"Wewe? Nikikwambia wewe, kabla ya chakula cha mchana hata maiti makaburini watajua!"

"Shukrani ya punda hiyo! Nakubeba!"

"Kanyaga!"

Kwenye simu Levko alikuwa anasikiliza. "Liska," akasema taratibu, "mbona unahema hivyo? Uko kwenye baiskeli?"

Nyuma yake sauti ya mtu ikauliza, "Mkamuzi, ng'ombe wenu anaendesha baiskeli?" na kicheko kikapasuka.

Walipofika juu ya kilima, Motria akashuka kabla baiskeli haijasimama. Malisho yalikuwa chini, bondeni, kando ya bwawa. Ng'ombe wote walikuwa wamelala kwenye majani wanacheua, na Liska katikati yao, amefumba macho kama malkia aliyeshiba. Mzee Sidir alikuwa amelala pia, kofia usoni.

Motria akateremka mbio. Hatua thelathini, arobaini. Simu ikalia "tu-tu-tu", ikanyamaza. Bondeni pale mtandao haukuwahi kufika tangu dunia iumbwe.

Akapanda tena kilima, anakokota goti baya. Simu ikaita.

"Liska, ilikatika. Nina dakika nane."

Motria akaziba simu kwa kiganja. "Sidir! We Sidir! Mlete Liska huku juu!"

Sidir akainua kofia. "Mama Motria? Saa hizi wamelala, hawaamki. Saa tisa nitawa..."

"Mlete!"

Horpina alikuwa ameshafika chini. Sidir akashika pembe, Horpina akasukuma nyuma. Liska akafumbua jicho moja. Akasimama kwa uvivu, kwanza nyuma, kisha mbele. Akatembea hatua tatu kuelekea kilimani. Motria akashika kifua kwa matumaini. Kisha Liska akakojoa, kwa muda mrefu sana, akafikiri kidogo, akalala tena palepale.

"Amekataa!" Sidir akapiga kelele. "Chukua wa Horpina, yule wa kahawia, yuko karibu na juu! Ana masikio hayo hayo!"

"Mchukue Maika wangu!" Horpina akaunga mkono, jasho linamtiririka. "Ni mstaarabu!"

"Siongei na mwanangu kupitia ng'ombe wa watu!"

"Lo! Huyu mwanamke!" Horpina akakaa chini kwenye majani. "Motria, kiapo ulikiapa kwa nani? Kwa Mungu? Mimi nilikuwepo. Hukumtaja Mungu. Hukumtaja mtakatifu yeyote. Uliapa mbele yangu na ndoo!"

Motria akampa kisogo. Aliisogeza simu sikioni. Honi ya gari ililia upande ule wa pili, ndefu, na mtu akaita majina.

"Liska," Levko akasema. Sasa hakuwa anacheka. "Gari limefika. Naona uko mbali leo. Si kitu. Basi, mwambie mama..." Motria alisikia upepo, na kamba za begi zinafungwa. "Mwambie mama kwamba... Hapana. Usimwambie kitu. Wewe toa maziwa vizuri tu. Mimi naende..."

"Levko!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Bondeni ng'ombe wawili waligeuza vichwa. Sidir akavua kofia.

Upande wa pili begi likaanguka chini.

"Mama?"

"Usikate."

"Mama, ni wewe?"

"Ulidhani ni nani, mjinga wewe, ng'ombe? Ng'ombe anaongea? Umeona wapi ng'ombe anaongea?"

Na kwenye simu kukatokea kelele ambayo Motria hakuitegemea: sauti kumi, kumi na mbili za wanaume, zinapiga mayowe kama uwanja wa mpira. "Kasema! Jamani, kasema! Mkamuzi, mama kasema!" Mtu alikuwa anapiga bati kwa kijiko.

"Hao wanaopiga kelele ni akina nani?" Motria akauliza. "Wamekula?"

"Wamekula, mama." Levko alikuwa anacheka, au alikuwa analia, mama yake aliamua asichunguze.

"Wamekula nini?"

"Mama, nina dakika moja."

"Basi nyamaza, usinimalizie." Akavuta pumzi, na miezi minane ikaanza kutoka. "Umeondoka na trekta umeiacha chini ya mti bila turubai, nimeifunika mimi. Bomba la bafuni linavuja, amekuja kijana wa fundi, amelifanya livuje zaidi. Supu ya borshi napika sufuria ile ile kubwa, sijui kupika ya mtu mmoja, namalizia kumpa Horpina, amenenepa, baiskeli imelalamika njia nzima. Mbaya sana wewe. Ungeniambia. Ningelia, ningekufungia mlango, ningeficha viatu, halafu asubuhi ningekupikia mayai ukaenda. Kwa nini ulininyima hata hiyo ya kukufichia viatu? Wewe unadhani nilikasirika kwa sababu unakwenda. Nilikasirika kwa sababu nilisikia dukani. Na huko mbele uinamishe kichwa, wewe mrefu kama baba yako, mrefu bila faida, inama. Maji uchemshe. Ukisikia kitu kinavuma usisimame kutazama, ulikuwa unasimama kutazama hata ndege za kunyunyizia dawa. Kisha viazi mwaka huu vina mende mpaka nashindwa..."

Horpina alikuwa amepanda kilima polepole. Akasimama kando, akaangalia kioo cha simu kwenye mkono wa rafiki yake. Akaangalia tena, akamgusa kiwiko.

"Motria. Imekatika."

"Najua."

"Imekatika tangu lini?"

"Tangu kwenye viazi."

"Alisikia ya kuinama?"

"Alisikia. Alisema, 'Nitainama, mama.'"

"Sasa unaongea na nani?"

Motria akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akaliweka kopo la mende chini kwenye majani, akakaa. Simu aliirudisha sikioni, akaishikilia vizuri kwa mikono miwili.

"Na mwanangu," akasema. "Kaa hapo unyamaze, sijamaliza."